Gari Lililozungumza Kijapani

Kila juma chai ya Kericho na Bomet huteremka hadi Mombasa kuuzwa mnadani, na magari yaliyoshushwa bandarini kutoka Japani hupanda kuja huku milimani. Gari letu lilikuja kwa njia hiyo. Umri wake haukuzidi miaka 8, kama sheria ya Kenya inavyotaka; usukani kulia, injini tulivu. Lugha yake tu ndiyo iliyobaki kwao.

Kila tulipoliwasha, sauti ya mwanamke ilitusemesha kwa upole. Bibi yetu, aliyetoka Pwani kuja kututembelea, aliketi kiti cha nyuma na tasbihi yake, akiitikia: "Waalaykumu salaam, mwanangu." Baadaye tulielezwa kwamba ule ulikuwa ukumbusho tu: kadi ya kulipia barabara za Japani haijatiwa mahali pake.

Tukacheka, tukayaacha mambo yalivyo. Ramani kwenye kioo ilikuwa ya Japani peke yake. Redio ilishika vituo vichache, kwa kuwa ilitengenezewa masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu vya FM viko kati ya 87.5 na 108. Tuliona huo ni upungufu wa starehe, na starehe huweza kungoja.

Msimu wa mvua betri ikafa. Ilipobadilishwa, kioo kiliwaka kikidai neno la siri, kwa Kijapani. Vifaa vingi vya aina hii hujifunga umeme unapokatika, ili visimfae mwizi. Neno lenyewe hatukuwa nalo, wala hatukuwa na njia ya kumpata aliyelijua. Pamoja na redio, ikatoweka picha ya kamera ya nyuma.

Uwanja wetu una mteremko, umezungukwa na chai, na asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Mama aliporudisha gari nyuma, macho yake yalikwenda kwa mazoea kwenye kioo kisichoonyesha kitu. Ghafla wanawake waliokuwa wakichuma chai ng'ambo ya ua wakapiga ukelele. Akakanyaga breki. Mtoto wa jirani alikuwa hatua mbili nyuma ya gari, ameinama akiokota mpira. Alhamdulillahi, hakuguswa. Siku ile mama hakuendesha tena, nasi hatukucheka tena.

Tukaamua kubadilisha kifaa chote, kwani vingi vya Kijapani havina Kiingereza ndani yake. Si suala la kubonyeza na kuchagua lugha. Fundi wa kwanza alishika koleo, tayari kuzikata nyaya. "Mama, wote hufanya hivi," alisema. Tulimshukuru, tukaondoka. Wa pili aliuliza kwanza: "Gari hili anaendesha nani, na anahitaji kuona nini?" Huyo tukamkabidhi kazi.

Haya ndiyo tuliyojifunza. Kamera itangulie muziki: hakikisheni kifaa kipya kitapokea picha ya kamera iliyopo, au ifungwe nyingine. Nyaya zisikatwe; zipo soketi za kuunganishia zinazolingana na gari, na waya uliofungwa ovyo huweza kuleta hitilafu, hata moto. Pimeni nafasi: magari mengi ya Toyota yana upana wa milimita 200, ilhali vifaa vingi ni vya 180 na huhitaji fremu. Vile vya mfumo wa Android hukubali Kiingereza, na baadhi hata Kiswahili. Ramani ipakuliwe kabla ya safari, kwani mtandao ukikatika bondeni kati ya Kericho na Bomet, setilaiti hubaki lakini ramani isiyopakuliwa hufutika. Na kabla ya kulipa, tieni gia ya nyuma mtazame wenyewe. Anayetaka redio tu, kifaa kidogo cha kubadilisha masafa, ekspanda, kitamtosha kwa gharama ndogo.

Lipo jingine ambalo wengi hulisahau. Kifaa cha zamani huweza kuwa kimehifadhi nyumba ya mwenyewe na namba za jamaa zake. Hiyo ni amana, haifai kuchokorwa. Nasi tutakapoliuza gari letu, tutafuta kwanza ya kwetu, ili sitara ya nyumba isiende na chuma.

Hata hivyo kamera ni msaidizi tu. Siku hizi mama hulizunguka gari kwa miguu kabla ya kuliwasha, na watoto wa jirani wameshajua kusimama penye mlango hadi litoke.

Ile sauti ya upole haikuondoka, kwa kuwa kisanduku cha kadi ya barabara ni kifaa cha peke yake. Fundi alitaka kukichomoa. Bibi akakataa: "Mwacheni mgeni, ametuzoea." Basi kila asubuhi hunena, naye bibi humwitikia.