Asiyesikia Naye Ana Kura

Mkutano wa tawi hauwi mkutano kwa kuwa viti vimejaa. Huwa mkutano pale kila mwanachama anapoielewa hoja, akaijadili, akaipigia kura kwa hiari yake. Je, ndugu ambaye masikio yake hayasikii vema, akainua mkono kwa kuwa jirani yake ameinua, amepiga kura ya nani?

Ndugu hao si wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Miongoni mwao wamo wafanyakazi. Makelele ya mashine yanayozidi desibeli 85, yakidumu saa 8 kwa siku, mwaka baada ya mwaka, huharibu usikivu, nao haurudi. Si haki mtu aliyepoteza masikio yake kazini apoteze na kauli yake mkutanoni.

Chombo cha kumsaidia kipo. Mwaka 2019 kampuni ya Google, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Marekani, ilitoa programu ya simu za Android iitwayo Live Transcribe. Husikiliza msemaji na kuyaandika maneno yake papo hapo kwenye kioo cha simu, kwa lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Programu yenyewe ni bure.

Lakini chombo bila nidhamu hakifai kitu. Wakisema watu watatu kwa pamoja, simu huchanganya maneno. Ikiwa mbali na msemaji, huyaacha. Na majina na hesabu huyakosea mara kwa mara. Kwa hiyo mwenyekiti hana budi kuruhusu msemaji mmoja mmoja, simu iwe karibu naye, na katibu aiandike hoja ubaoni kabla ya kura. Wala maandishi hayamtoshi kila mtu: kiziwi atumiaye lugha ya alama anastahili mkalimani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 imekwisha kuitambua haki yao ya kushiriki katika mambo ya umma. Basi matawi yasingoje waraka. Wengi huona haya kusema kwamba hawasikii. Ni wajibu wa viongozi kuwauliza kwa heshima, na kuwaandalia nafasi kabla mkutano haujafunguliwa.