Uigaji wa Kikompyuta wa Kipindupindu: Lilongwe na Kambi ya Dzaleka

Kipindupindu kilichozuka Malawi Machi 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700. Kabla hakijakoma, mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waishio mijini warejee Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa takriban watu 12,000 na ambayo tayari ilihifadhi zaidi ya 50,000.

Uigaji wa kikompyuta huwezesha athari za agizo la namna hiyo kupimwa kabla ya utekelezaji. Modeli hugawa wakazi katika makundi matatu: walio hatarini, wagonjwa na waliopona. Kwa kipindupindu huongezwa sehemu ya nne, maji yaliyochafuliwa. Mtaa wa Kawale, Lilongwe, na kambi huwa vituo viwili vinavyounganishwa na safari za watu.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba mgonjwa mmoja mtaani huambukiza wawili: kinga ya nusu ya wakazi hutosha kudhibiti mlipuko. Msongamano kambini ukiifanya idadi hiyo kuwa watatu, huhitajika kinga ya theluthi mbili. Uhamisho, basi, huongeza mahitaji ya chanjo wakati chanjo ni haba. Oktoba 2022 uhaba wa dunia ulilazimisha kampeni za dharura kutoa dozi moja badala ya mbili.

Mwigo si utabiri, bali ulinganisho wa maamuzi. Aidha, mkimbizi asiyehesabiwa katika takwimu hahesabiwi katika modeli, wala maji yake hayatengewi bajeti.