Eulojia Imeruka Kurasa na Mazishi ni Kesho? Hivi Ndivyo Utaokoa Hiyo Templeti

Ukiwa kijana wa Nyeri, Karatina, Kerugoya ama Nanyuki na familia inajua unashika kompyuta, kuna kazi itakupata tu. Kamati ya mazishi inakaa, huyu anapewa tenti, yule chakula, halafu wote wanakugeukia: "Wewe utatutengenezea eulojia."

Wasee wengi huomba templeti kwa mtu aliyezika juzi, wanabadilisha jina na picha, wanapeleka saiba. Hapo ndipo vitu huharibika. Kwa laptopu yako zilikuwa kurasa 8, kwa saiba zimekuwa 9, na picha ya shosho imekalia majina ya wajukuu. Manze, hii si CV utarekebisha wiki ijayo. Mazishi hayarudiwi, na hiyo eulojia itakaa kwa droo ya mtu miaka mingi. Rada ni hii.

1. Angalia saizi ya karatasi kwanza
Templeti nyingi za mtandaoni zimetengenezwa na karatasi ya Marekani, Letter, yenye sentimita 21.6 kwa 27.9. Huku tunatumia A4, sentimita 21 kwa 29.7. Hiyo tofauti ndogo inatosha kusukuma mistari. Enda "Layout", kisha "Size". Kama ni kijitabu cha kukunja, weka A5, ambayo ni nusu ya A4. Ukiona ukurasa mmoja tu umebadilika, templeti imegawanywa vipande. Fungua "More Paper Sizes" na uchague "Whole document".

2. Picha inatembea
Picha inayoelea imefungwa kwa aya fulani. Ukiongeza sentensi mbili juu na aya iende ukurasa unaofuata, picha inaifuata. Bonyeza picha, chagua "In Line with Text", itakaa kwa mstari kama herufi kubwa. Picha nyingi pamoja? Ziweke ndani ya tebo.

3. Fonti haiko kwa hiyo mashini
Calibri ilikuwa fonti ya kawaida ya Word tangu toleo la 2007. Kuanzia 2023 Microsoft ikaanza kuleta Aptos. Ukiandika na Aptos kisha saiba iwe na Word ya kitambo, mashini itachagua fonti nyingine yenye upana tofauti, na mistari yote inahama. Tumia Times New Roman ama Arial, hizo utazipata karibu kila kompyuta ya Windows.

4. Majina yenye ĩ na ũ
Fonti za madoido huwa hazina hizi herufi, so Word inakopa kutoka fonti nyingine na Mũthoni anaonekana ameandikwa na watu wawili. Majina yaweke kwa fonti ya kawaida. Kibodi haina ũ? Kwa Word ya Windows, andika 0169 mahali patupu kisha ubonyeze Alt na X pamoja. Kwa ĩ ni 0129. Nakili, peleka kwa jina. Kuna wazee watagundua hiyo alama ikikosekana.

5. Wacha kupanga na spesi
Orodha ya watoto na wakwe ikipangwa kwa kugonga spesi mara ishirini, itapinda tu. Bonyeza Ctrl, Shift na 8 uone vidoti vyote vilivyofichwa. Vitoe, weka tebo ya kolamu mbili, kisha uondoe mistari yake kwa "No Border". Ukitaka ukurasa mpya, usigonge Enter mpaka uchoke. Ni Ctrl na Enter, mara moja.

6. Tafuta jina la marehemu wa kwanza
Hii ndiyo noma kabisa. Bonyeza mara mbili juu kabisa ya ukurasa na chini kabisa, jina la zamani hupenda kujificha hapo. Kisha enda "File", "Info", uangalie "Title". Hilo jina linaweza kutokea mtu akifungua PDF kwa simu ama kompyuta.

Kabla ya kuprinti zote
Hesabu kurasa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inabeba kurasa 4, kwa hivyo kijitabu kiwe na 8, 12 ama 16. Zikiwa 9, punguza maneno ama ongeza picha. Kisha seivu kama PDF, kwa sababu PDF hubeba fonti zake na haihami ikifika saiba. Mwambie msee wa saiba achague "Booklet" na atoe kopi moja pekee.

Ikunje, mpelekee tata ama mtu mzima anayejua majina ya ukoo, na umwache asome yote, kuanzia mtoto wa kwanza hadi kitukuu wa mwisho. Akisema iko sawa, sasa lipia zile 200.