Mayele aliondoka na nini?

Kila ligi inapomalizika na kombe kukabidhiwa, mpira wenyewe huhamia vijiweni. Klabu inaweka picha ya mchezaji na maneno mawili ya shukrani, na kabla jua halijazama mashabiki wa timu moja wameshagawanyika: huyu anasema uongozi umelala, yule anasema jamaa alistahili kuachwa tangu msimu juzi. Ubishi huo una raha yake, na dirisha la usajili bila ubishi lingekuwa kama pilau bila kachumbari. Kasoro yake ni kipimo. Tunahesabu majina yanayoingia na yanayotoka, ilhali kinachoamua msimu ni kazi aliyokuwa akiifanya aliyeondoka, na nani kairithi.

Tuanze na Yanga ya mwaka 2023. Timu iliyokuwa imetoka kukosa Kombe la Shirikisho Afrika kwa kanuni ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam na kushinda 1-0 kule Algiers, iliondokewa na kocha Nasreddine Nabi, na Feisal Salum aliyehamia Azam, na Fiston Mayele aliyenunuliwa na Pyramids ya Misri. Mayele peke yake alikuwa amefunga mabao 17 ya ligi. Swali la mitaani likawa moja: nani atatetema kama Mayele kila anapofunga? Wote walikuwa wakimtafuta Mayele wa pili, na wa pili hakupatikana. Hafiz Konkoni, aliyeletwa kwa kazi hiyo, hakumaliza hata msimu. Lakini ubingwa ulibaki Jangwani, nyumbani kwa Yanga, tena kwa pointi 80, na mfungaji bora wa ligi akawa kiungo, Stephane Aziz Ki, kwa mabao 21. Anayetaka kuona jinsi kazi ya mtu mmoja inavyogawanywa aitazame tena mechi ya Novemba 5, 2023, Simba ilipolala 5-1. Kennedy Musonda alifunga la kwanza, Max Nzengeli akafunga mawili, Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Mabao matano, wafungaji wanne, na kati yao mshambuliaji wa kati ni Musonda tu. Nzengeli na Pacome walikuwa ndio kwanza wamefika. Nyuma yao nguzo hazikuguswa: Diarra golini, Job, Bacca na Mwamnyeto katika ulinzi, Aucho mbele yao. Mayele aliondoka na mabao yake, ila mfumo uliokuwa ukiyazalisha hakuondoka nao.

Simba ya 2021 ilipitia kinyume chake. Ilikuwa bingwa mara nne mfululizo na imetoka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kisha Luis Miquissone akauzwa Al Ahly, na Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Ukisoma orodha ya washambuliaji, hasara haikuonekana: John Bocco, mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, alikuwepo, Meddie Kagere alikuwepo, Chris Mugalu alikuwepo. Wengi walijifariji kwamba wafungaji wamebaki. Kilichokuwa kimeondoka ni mkono unaolisha. Miquissone alikuwa akimvuta beki wa pembeni mpaka karibu na mstari na kufungua uwazi katikati. Chama alikuwa na tabia ya kuusimamisha mpira chini ya kiatu, akamsubiri beki apige hatua moja mbele, na mpira ukapita mahali palepale mguu ulipotoka. Pasi ya namna hiyo ikikosekana, mshambuliaji wa kati anabaki kunyoosha mkono kuomba mpira. Msimu uliofuata Bocco hakuukaribia tena ule ufungaji wake, Yanga ikatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na Simba ikalazimika kumrudisha Chama katika dirisha dogo, maji yakiwa yameshamwagika.

Kuna pingamizi hapa, na lina uzito. Atasema mtu: mabao ya ligi yanaweza kugawanywa, lakini ukikutana na wakubwa unamhitaji muuaji. Ni kweli kwamba Yanga hiyohiyo ya mabao mengi ilicheza dakika 180 na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya 2024 bila bao kukubaliwa, ikatolewa kwa penalti. Shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda chini bado linabishaniwa mpaka leo, na hilo tuliache kwa wenye roho za kubishana. Ni kweli pia kwamba Mayele alitwaa Ligi ya Mabingwa akiwa na Pyramids mwaka 2025, kwa kuwafunga Sundowns haohao fainali. Nakubali kwamba kuna daraja ambalo mgawanyo wa kazi haukuvushi. Nisichokubali ni kwamba dawa yake ni jina kubwa la kila Julai. Mshambuliaji aliyekuja kuifungia Yanga mabao 14 ya ligi msimu wa 2024/25 ni Clement Mzize, kijana aliyekulia katika timu ya vijana ya klabu hiyohiyo. Hakupokewa uwanja wa ndege kwa vuvuzela. Alipewa dakika akiwa nyuma ya Mayele, akaendelea kupewa baada yake.

Pingamizi la pili ni la watu wa Msimbazi. Mwaka 2024 Simba ilifumua kikosi, ikaleta wachezaji zaidi ya kumi, ikamwacha Chama avuke barabara kwenda kwa watani, na bado ikapanda kutoka pointi 69 hadi 78, ikacheza na fainali ya Kombe la Shirikisho. Je, si ushahidi kwamba fumua-fumua inalipa? Inalipa ukijua unafumua wapi. Katika ukuta, Shomari Kapombe, Mohamed Hussein na Che Malone walibaki. Kilichobadilishwa zaidi ni mbele, palipokuwa pamechoka, na kazi ya Chama ilikabidhiwa mtu mahususi: Jean Charles Ahoua, kiungo mshambuliaji, aliyemaliza mfungaji bora kwa mabao 16. Vilio vya Julai ile vilikuwa vya mapenzi, si vya hesabu. Chama alikuwa na miaka 33, na kule Yanga alidumu msimu mmoja tu.

Hesabu nyingine ambayo kijiwe huiruka ni ya mikataba. Mchezaji aliyebakiza miezi sita anaruhusiwa na kanuni za FIFA kuzungumza na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaondoka bure, kama Chama alivyoondoka. Kwa hiyo mara nyingi "kwa nini wamemwacha" ni swali la Juni lililopaswa kuulizwa Januari. Tena nafasi za wachezaji wa kigeni zina kikomo. Klabu iliyozijaza ikitaka kuleta watatu, lazima iwatoe watatu, na mwenye mkataba mara nyingi hatoki bila kulipwa. Ndiyo maana klabu zetu zimewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa madai ya watu waliokwisha kusahaulika.

Kwa kipimo cha kazi, basi, dirisha la 2024 lilikuwa la Simba. Yanga ilimchukua Chama na ikashangilia. Simba ilipata aliyefanya kazi ya Chama, na ilikwenda kwenye mechi ya mwisho ya ligi dhidi ya Yanga ikiwa nyuma kwa pointi moja. Ikafungwa 2-0.