Usipoziba Ufa: Tovuti Nayo Yataka Matunzo



Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Pumwani na Eastleigh hadi Umoja na Kayole, twawaona mama na dada zetu wakiuza mabuibui, udi, halua na vyakula vya karamu bila ya kuwa na duka la mlango. Duka lao ni tovuti, na mteja huingia kwa simu. Madrasa nazo zimefungua tovuti za ratiba, ada na picha za watoto. Ni jambo jema. Lakini wengi huijenga tovuti kwa bashasha, kisha wakaiacha kama nyumba iliyohamwa.

Mabaharia wetu wa Lamu hawangoji jahazi litote. Hulipandisha pwani, wakalikwangua, wakalitia kalafati na kulipaka deheni, hata kama halijavuja. Tovuti nayo ni hivyo hivyo.

Tunayo mazingatio ya karibu. Mnamo Januari 2012, mvamizi mmoja aliyejulikana kuwa wa Indonesia alizichafua tovuti 103 za Serikali ya Kenya. Julai 2023, mfumo wa eCitizen, uliokuwa na huduma zaidi ya 5,000 wakati huo, ulizidiwa na mafuriko ya maombi ya bandia, na wananchi wakakwama. Ikiwa wakubwa hupatwa, mwenye duka dogo asijione kuwa hatazamwi. Wavamizi wengi hawachagui mtu. Hutuma programu zao zikazunguka kila mahali, zikijaribu milango ulimwenguni kote, na mlango uliolegea ndio huingiwa.

Basi matunzo yenyewe ni yapi? La kwanza ni kusasisha. Programu za kuendeshea tovuti, kama WordPress, pamoja na viambatisho vyake, hutolewa matoleo mapya yanayoziba nyufa zilizogunduliwa. Asiyesasisha huacha ufa ambao wezi wamekwisha kuujua. Kiambatisho kisichotumika na kifutwe kabisa.

La pili ni funguo. Kijana aliyewajengea tovuti akiondoka, ondoeni ruhusa yake na mbadilishe maneno ya siri. Neno la siri la tovuti lisiwe lile lile la barua pepe.

La tatu ni nakala ya akiba. Ihifadhiwe mahali pengine, si katika seva ile ile, kwani nyumba ikiungua huungua na sanduku lililomo ndani. Na mara moja moja ijaribiwe kurudishwa, ili ijulikane kuwa ni nzima.

La nne ni wepesi. Picha moja ya simu yaweza kuwa na megabaiti nne. Picha kumi ni arubaini. Mteja aliyenunua bando dogo ataondoka kabla ya kuliona buibui. Punguzeni ukubwa wa picha kabla ya kuziweka, na bidhaa zilizokwisha ziondolewe.

La tano ni tarehe. Jina la tovuti hulipiwa kwa muda maalumu. Likipitwa, laweza kuchukuliwa na mwingine. Barua za ukumbusho zije kwa mwenye tovuti mwenyewe, si kwa fundi peke yake.

Kazi hizi, zikifanywa kila mwezi, hazizidi alasiri moja. Tena si suala la biashara tu. Nambari ya simu ya mteja, mahali anapokaa, na picha ya mtoto wa watu ni amana. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo yamtaka mwenye kuhifadhi taarifa amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 zikivuja kwa namna ya kuwadhuru wenyewe. Na amana, ndugu zetu, huulizwa hata pale ambapo sheria haifiki.

Kwa hivyo twawanasihi: kila familia au madrasa yenye tovuti imteue mtu mmoja na siku moja ya mwezi. Msichana wa sekondari aliyemo nyumbani aweza kufundishwa kazi hii akaimudu. Taarifa za watu msizozihitaji tena, zifuteni, kisichokuwepo hakiibiwi.

Wabillahi tawfiq.