Duara, Fonksio na Kioo cha Kikokotoo

Makala haya yanakusudia kueleza jambo linaloweza kumtatiza mwanafunzi wa Mangobo anaposhika kikokotoo cha grafu kwa mara ya kwanza: duara halikubali kuchorwa kwa mlinganyo mmoja.

Tuchukue duara lenye kitovu kwenye sifuri na nusukipenyo cha 5, yaani x² + y² = 25. Vikokotoo hivi, tangu Casio fx-7000G ya mwaka 1985 hadi TI-83 ya mwaka 1996, kwa kawaida hudai mlinganyo unaoanza na Y =. Mahali hapo huingia fonksio tu (tunaliandika kwa kufuata Kifaransa cha shule), yaani kanuni inayoipa kila x y moja. Duara, x ikiwa 3, hujibu 4 na pia −4.

Mwanaisimu ataelewa upesi akitazama wingi wa nomino. Kiswahili sanifu huipa kitabu wingi wa vitabu. Mitaani kwetu husikika bitabu. Kila usemi una fonksio yake. Ukiichanganya misemo hiyo katika orodha moja, kitabu hupata majibu mawili na fonksio hutoweka. Hata katika usanifu wenyewe yupo rafiki, ambaye wingi wake ni rafiki au marafiki.

Dawa ni kulikata duara vipande viwili: Y1 = √(25 − x²) na Y2 = −√(25 − x²). Hapo TI-83, kwa dirisha la −10 hadi 10 pande zote, huonyesha umbo la yai. Sababu ni kwamba grafu ina safu wima 95 na safu mlalo 63 tu, hivyo kipimo kimoja cha x huwa kirefu kuliko cha y. Amri ya ZSquare hupanua x hadi takriban ±15.16, na umbo hurudi kuwa duara.

Hata hivyo vipande havigusani. Katika dirisha la kwanza, x huruka kwa hatua ya 20/94, karibu 0.21. Safu ya mwisho iliyo ndani ya duara ina x ya 4.89 na y ya 1.03, inayofuata, 5.11, hudai kipeuo cha pili cha namba hasi, na mashine hunyamaza. Pengo hilo ni la mashine, si la duara.

Limebaki neno. Duara, kitovu na kipenyo vimezoeleka, kwa kuwa Tanzania hufundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967. Fonksio ni somo la sekondari, ambako kule hutumika Kiingereza na kwetu Kifaransa. Wapo watakaopendelea kazi. Sisi hatuafiki, maana “y ni kazi ya x” humfanya msikilizaji adhani x imeajiriwa. Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni duara lenyewe: Kifaransa hutenga cercle, ambao ni mstari, na disque, ambayo ni eneo lote la ndani, ilhali neno letu hubeba yote mawili. Mlinganyo wetu ni mstari tu. Eneo huandikwa x² + y² ≤ 25. Tungependekeza ukingo wa duara kwa ule wa kwanza.