Wingi wa Nukuu Si Uzito wa Ukweli

Imekuwa desturi katika vyuo vikuu vyetu kumpima msomi kwa idadi ya mara anazonukuliwa na wenzake. Kipimo hiki kina kasoro kubwa: huhesabu nukuu bila kuuliza kama mtu amenukuliwa kwa kusifiwa au kwa kushutumiwa.

Chukua mfano wa Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Mwaka 1954 aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti iliyoeleza Mau Mau kuwa zao la akili zilizovurugwa na mabadiliko. Hivyo kilio cha ardhi cha maskwota wa Nakuru, Molo na Naivasha kikageuzwa maradhi.

Mwaka 1961 Frantz Fanon alimnukuu ili kumkosoa, na wengi wamefanya vivyo hivyo tangu hapo. Katika hesabu, lawama hizo zote ni faida kwake.

Na waliofurika katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwaka 2008, wakikimbia ghasia za uchaguzi, hawakuwa na jarida la kumjibu mtafiti. Mtafiti aliyewasikiliza kwa lugha zao huenda asinukuliwe sana, lakini amewatendea haki.

Walimu na wanafunzi, kabla ya kuuliza msomi amenukuliwa mara ngapi, ulizeni amesema nini, na juu ya nani.